Kalemie isikubali mashine isiyokuja na akili yake

Mkaaji wa Zongwe anayepeleka muhogo kwenye mashine ya kusaga hahitaji kuambiwa kwamba beringi imechoka. Anaisikia. Mashine huanza kulia, kisha hunguruma, kisha chuma kinapata moto, na mwenye mashine anatafuta grisi au anamtuma kijana mjini Kalemie kununua beringi nyingine. Fundi anafungua, anabadilisha, anafunga, na kazi inaendelea. Ni hivyo pia kwa injini za mitumbwi ziwani, kwa jenereta za maduka na kwa pampu za maji.

Lakini dunia ina mashine za aina nyingine ambazo beringi zake hazilii, hazitaki grisi na hazigusi chuma kinachozunguka. Shafti inaelea hewani, imeshikwa na sumaku. Mashine hizi zimo katika kompresa za gesi, katika pampu za maabara, katika mitambo ya kupoza majengo makubwa na hata ndani ya kifua cha mgonjwa wa moyo. Zikiharibika, fundi hana cha kusikiliza kwa sikio. Kinachozishikilia ni programu, na mara nyingi programu hiyo inabaki mikononi mwa kampuni iliyoziuza.

Jimbo la Tanganyika, lililozaliwa mwaka 2015 baada ya kugawanywa kwa Katanga, linatamani viwanda, migodi na umeme. Mitambo mipya itakuja, na mingine itakuwa ya aina hii. Mamlaka ya jimbo, makampuni na vyuo vinapaswa kukubaliana kuhusu jambo moja kabla mikataba haijasainiwa: mashine inayoshikiliwa na programu isipokelewe bila programu yenyewe, vipimo vyake na watu wa hapa waliofundishwa kuisoma. Bila hivyo, kinachonunuliwa ni chuma cha kukodi kwa bei ya kununua.

Kazi ya beringi, na sumaku inavyoichukua

Beringi ni kiti cha shafti. Huibeba, huizuia isiyumbe, na huiacha izunguke. Ya kawaida hufanya hivyo kwa magololi ya chuma yaliyopakwa grisi. Ile ya mitambo mikubwa, kama turbini za maji, hutumia tabaka jembamba la mafuta. Zote mbili zinategemea kugusana au kukaribiana sana kwa chuma na kilainishi, na ndiyo sababu huchakaa, hupata joto na huweka mpaka kwenye kasi.

Beringi ya sumaku huondoa mgusano huo. Sumaku za umeme huwekwa kuzunguka shafti, na kila upande huivuta kidogo. Vihisi hupima shafti iko wapi. Kidhibiti, yaani kompyuta ndogo, husoma vipimo hivyo na kuamua kila sumaku ipewe mkondo kiasi gani wa umeme. Nafasi kati ya sumaku na shafti huwa takriban nusu milimita, unene wa kurasa chache za daftari zikibanwa pamoja.

Faida yake ni kubwa. Hakuna mafuta ya kuvuja wala ya kubadilisha, na msuguano unakuwa mdogo sana. Shafti inaweza kuzunguka mara makumi ya maelfu kwa dakika. Tangu miaka ya 1980, kompresa zinazosukuma gesi kwenye mabomba ya Kanada zimetumia beringi hizi. Pampu ya moyo iitwayo HeartMate 3, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, ina rota inayoelea kwa sumaku ndani ya damu ili chuma kisisagane na chembe za damu.

Hata hivyo, sumaku ina tabia moja mbaya. Kadiri kitu kinavyoikaribia, ndivyo inavyokivuta kwa nguvu zaidi. Chukua shafti iliyo katikati, nusu milimita kutoka kila upande, na kila sumaku ina mkondo uleule. Isogee sehemu moja ya kumi tu ya milimita kuelekea upande mmoja. Sasa upande huo uko milimita 0.4 na upande wa pili uko milimita 0.6. Kwa kuwa nguvu ya sumaku ya umeme hufuata kipeo cha pili cha umbali, upande wa karibu unavuta mara 2.25 zaidi ya upande wa mbali. Shafti haitarudi katikati yenyewe. Itaendelea kwenda hadi igonge.

Mwingereza Samuel Earnshaw alionyesha mwaka 1842 kwamba mpangilio wa sumaku zisizobadilika hauwezi peke yake kushikilia kitu hewani kwa utulivu. Lazima kuwe na kitu kinachoangalia na kusahihisha kila wakati. Kwa shafti inayozunguka mara 30,000 kwa dakika, mzunguko mmoja huchukua sekunde mbili za elfu moja. Kidhibiti kinachopima mara 10,000 kwa sekunde hupata nafasi 20 tu za kuangalia na kusahihisha ndani ya mzunguko huo. Kikichelewa au kikikosea hesabu, chuma hugonga chuma kwa kasi hiyohiyo.

Ndiyo maana kusema kwamba beringi ya sumaku ni chuma na waya ni kusema nusu ya ukweli. Nusu nyingine, ile inayoifanya iwe beringi, ni kanuni ya udhibiti iliyoandikwa ndani ya kompyuta.

Kanuni ya mwenye mtumbwi

Kuna kanuni nyingi za kuandika humo. Mojawapo huitwa udhibiti wa kuteleza, na yafaa ieleweke Kalemie kuliko nyingine zote, kwa sababu ilibuniwa kwa ajili ya mtu asiyejua kila kitu kuhusu mzigo alioubeba.

Fikiria mvuvi anayerudi pwani jioni. Ili asipotee njia, anachagua alama mbili nchi kavu, mti ulio karibu na maji na kilima kilicho nyuma yake. Vikiwa vimepangana, yuko kwenye mstari sahihi. Mti ukionekana kulia kwa kilima, anapiga kasia upande mmoja. Ukionekana kushoto, anapiga upande mwingine. Hahitaji kujua samaki wake wana kilo ngapi wala upepo una nguvu kiasi gani. Anahitaji mambo mawili tu: kuona yuko upande gani wa mstari, na kuwa na kasia lenye nguvu kuushinda upepo. Akishaufikia mstari, anateleza juu yake hadi nyumbani.

Udhibiti wa kuteleza hufanya hivyohivyo. Mhandisi huchagua mstari unaounganisha umbali wa shafti kutoka katikati na kasi yake ya kuhama. Shafti ikiwa upande mmoja wa mstari, kidhibiti huvuta huku. Ikiwa upande wa pili, huvuta kule. Ikishafika kwenye mstari, kurudi kwake katikati hakutegemei tena uzito wake bali mstari uliochaguliwa. Mhandisi akichagua namba 200 kwa sekunde kuwa mteremko wa mstari huo, kosa la shafti litapungua hadi karibu theluthi moja ya lilivyokuwa kila baada ya sekunde 5 za elfu moja, iwe rota ni safi au imeshika vumbi, iwe nzito au nyepesi kidogo kuliko ilivyoandikwa kwenye karatasi.

Kanuni hii ilikuzwa Moscow na wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Udhibiti, akiwemo Stanislav Emelyanov na Vadim Utkin. Makala ya Utkin ya mwaka 1977 kwa Kiingereza ndiyo iliyoifikisha kwa wahandisi wengi wa nchi za Magharibi. Tangu hapo imejaribiwa kwenye mota za umeme, roboti, magari na, katika maabara nyingi, kwenye beringi za sumaku.

Lakini mvuvi yuleyule anajua pia udhaifu wa njia yake. Wa kwanza ni kwamba upepo ukiwa na nguvu kuliko kasia, alama mbili haziwezi kumsaidia. Vilevile, sumaku ikishafika mwisho wa mkondo inaoweza kupewa, hakuna hesabu inayoweza kuiongezea nguvu. Kanuni inaahidi kushinda msukosuko ambao kikomo chake kinajulikana, nao hauna budi kuwa mdogo kuliko uwezo wa mashine. Nje ya hapo haina ahadi yoyote.

Udhaifu wa pili ni kupiga kasia bila kupumzika. Anayebadilisha upande kila sekunde kwa nguvu zote hufika amechoka, na mtumbwi unatikisika njia nzima. Kwenye beringi ya sumaku, kugeuza mkondo huku na huku kwa kasi huleta mtetemo, kelele na joto kwenye koili, na unaweza kuamsha mipindo ya shafti yenyewe. Wahandisi hupunguza hilo kwa kuweka ukanda mwembamba kuzunguka mstari, ambamo nguvu hutolewa polepole. Gharama yake ni kosa dogo linalobaki. Njia nyingine, iliyoelezwa na Arie Levant mwaka 1993, huifanya nguvu yenyewe ibadilike bila kuruka ghafla.

Kwa sababu hizo, na kwa mazoea ya kazi, mashine nyingi za sumaku zilizo viwandani leo hazitumii udhibiti wa kuteleza. Zinatumia kanuni ya zamani zaidi, ile inayojumlisha kosa la sasa, kosa lililorundikana na kasi ya kosa. Muuzaji atakayekuja Kalemie na kusema kwamba mashine yake ina udhibiti wa kisasa usioshindwa na chochote anapaswa kuulizwa swali la mvuvi: kasia lako lina nguvu kiasi gani, na umelipima kwa upepo upi?

Upepo wa Tanganyika

Swali hilo lina uzito wa pekee hapa. Tarehe 5 Desemba 2005, tetemeko la ardhi la ukubwa wa 6.8 lilipiga Ziwa Tanganyika karibu na Kalemie. Nyumba zilianguka na watu walikufa. Ziwa hili limelala katika Bonde la Ufa, na ardhi yake haijamaliza kusogea. Mashine inayoelea kwa nusu milimita ina maana tofauti mahali kama hapa na mahali ambapo ardhi haitikisiki. Sakafu ikitikisika, sumaku zinakwenda na sakafu huku shafti ikibaki nyuma. Kidhibiti lazima kiwe na nguvu ya akiba ya kuifuata. Hiyo ni hesabu inayoweza kufanywa kabla ya kununua, lakini ni lazima mtu aiombe.

Jambo la pili ni umeme. Beringi ya grisi haijali umeme ukikatika. Shafti inapunguza kasi hadi inasimama. Beringi ya sumaku ikikosa umeme inaachia mzigo wake palepale, shafti ikiwa bado katika kasi yake. Mashine nzuri zina kinga mbili. Ya kwanza ni betri, au mpangilio unaoifanya mota igeuke jenereta na kulisha sumaku wakati shafti inapunguza kasi. Ya pili ni beringi za akiba za magololi zinazopokea shafti inapoanguka. Lakini beringi za akiba hazikuumbwa kwa maporomoko yasiyo na idadi. Kila anguko linazichakaza, na baada ya machache zinahitaji kubadilishwa. Katika mji ambao umeme hukatika mara nyingi, betri iliyokufa bila mtu kugundua ni hukumu ya kifo kwa mashine yote.

Jambo la tatu ni umbali. Kalemie ilifikiwa na reli kutoka Kabalo mwaka 1915, na kwa miaka mingi karakana za reli na bandari zilikuwa chuo cha mafundi. Waliweza kuchonga kipuri kwa sababu kipuri kilikuwa chuma, na chuma huonekana na hupimwa. Kadi ya kielektroniki iliyofungwa kwa neno la siri haichongwi. Ikiungua, au namba zake zikipotea, mashine nzima inasubiri mtu kutoka ng'ambo, tiketi yake ya ndege, viza yake na usalama wa njia.

Historia ya jimbo inaonyesha gharama ya kusubiri. Kituo cha Piana Mwanga, kilichojengwa enzi ya ukoloni kwenye mto Luvua kwa ajili ya migodi ya bati ya Manono, kiliharibika wakati wa vita na kikabaki miaka mingi bila kuwasha hata taa. Kituo cha Bendera, kwenye mto Kyimbi kaskazini mwa Kalemie, kimekuwa tegemeo la mji huu kwa umeme tangu zamani. Umuhimu wake ulijulikana hata kwa wapiganaji. Mwishoni mwa Juni 1965, kikosi kilichopangwa na Che Guevara kilishambulia ngome iliyolinda kituo hicho na kikashindwa. Mashine chache zinazozunguka mahali pamoja zinaweza kuwa uhai wa jimbo zima.

Isifikiriwe kwamba makala haya yanadai turbini za Bendera ziwekewe sumaku. Hapana. Turbini ya maji ni nzito na huzunguka polepole ukiilinganisha na kompresa, na beringi ya mafuta inaifaa. Inahitaji mafuta safi, kipimajoto kinachofanya kazi na fundi anayekuja kila siku. Busara ya uhandisi ni pamoja na kujua pale teknolojia mpya isipohitajika. Atakayependekeza kuweka sumaku kwenye kila kinachozunguka kwa sababu ni jambo la kisasa atakuwa anauza sifa.

Mashine za kasi ni habari nyingine. Mgodi unaohitaji hewa nyingi iliyobanwa, kiwanda kinachohitaji kupoza, hospitali kubwa, mtambo wa kusafisha maji unaopuliza hewa kwenye mabwawa, hawa wote wanaweza kuuziwa kompresa au vipulizi vya sumaku, kwa sababu vinaokoa umeme na havichafui hewa kwa mafuta. Huko ndiko uamuzi utakakofanyika, na mara nyingi utafanywa na watu wanaosoma bei tu.

Masharti manne

Kwa hiyo, mkataba wowote wa mashine ya sumaku itakayofanya kazi ya umma au itakayotegemewa na wakaaji wa jimbo ungepaswa kuwa na masharti manne.

La kwanza ni programu na vipimo vyote vya udhibiti, kwa maandishi na kwa nakala, pamoja na maneno ya siri, vikabidhiwe kwa mnunuzi siku ya kuwasha mashine. Kampuni zitasema hiyo ni siri ya biashara. Siri ya kutengeneza inaweza kubaki yao. Lakini namba za kuirekebisha mashine ambayo tayari imelipiwa ni sehemu ya mashine.

La pili ni kipimo cha utulivu. Shirika la viwango la kimataifa lina kiwango kiitwacho ISO 14839 kinachohusu mashine zenye beringi za sumaku. Sehemu yake ya tatu inaeleza namna ya kupima kama kidhibiti kina akiba ya kutosha ya utulivu, na inaziweka mashine katika madaraja kuanzia A hadi D. Mashine mpya inatakiwa kuwa daraja A. Upimaji huo ufanyike hapahapa, juu ya msingi wa saruji ambako mashine itakaa na kwa umeme wa hapa, na kipimo cha kiwandani kisitoshe.

La tatu ni jaribio la kuzima. Umeme ukatwe kwa makusudi mbele ya mnunuzi, mashine ikiwa katika kasi, na ionekane kwamba shafti inashuka hadi kusimama bila kugonga. Idadi ya maporomoko ambayo beringi za akiba zinaweza kuvumilia iandikwe, na seti nyingine ya beringi hizo iwe kwenye stoo ya Kalemie. Stoo ya Ulaya haihesabiwi.

La nne ni watu. Angalau wahandisi wawili na mafundi wawili wakaaji wa jimbo wafundishwe kuanzia wakati wa kufunga mashine. Siku moja ya hotuba na cheti haitoshi. Wajue kusoma mwendo wa shafti kwenye skrini, kutambua kihisi kilichokosea, kurudisha vipimo vilivyopotea na kukataa kuwasha pale hali isiporuhusu.

Masharti haya yataongeza bei. Ni kweli. Lakini bei ya mashine iliyosimama mwaka mzima ikisubiri mgeni mwenye neno la siri haiandikwi kwenye zabuni, na ndiyo inayolipwa mwishoni na mgonjwa, mfanyakazi na mwenye duka.

"Watu hawana taa, na nyinyi mnasema sumaku?"

Kuna pingamizi lenye haki. Vijiji vingi vya teritwari ya Kalemie bado havina umeme. Mama anayepika kwa makaa na kusoma ujumbe wa simu iliyochajiwa dukani anaweza kuuliza kwa nini mtu aandike habari za shafti inayoelea. Barabara, amani na maji safi havijakamilika. Je, hii si anasa?

Ingekuwa anasa kama hoja ingekuwa kwamba jimbo linunue mashine hizo. Hoja ni kwamba zitakuja hata kama hakuna aliyeandika habari zake, kwa sababu soko la dunia linakwenda huko, na wanaozileta hawatauliza kama Zongwe ina taa. Jimbo lisilojua kuuliza huuziwa chochote. Umaskini hauondoi haja ya ujuzi. Mwenye pesa nyingi anaweza kununua mashine mbili na kutupa moja. Asiye nazo hana ruhusa ya kukosea ununuzi.

Pingamizi la pili husema kwamba kampuni zinaweza kuangalia mashine zao kwa intaneti kutoka mbali, basi mafundi wa hapa wa nini? Huduma hiyo ni nzuri pale mtandao ulipo, pale mkataba wa huduma unapolipiwa na pale kampuni inapoendelea kuwepo. Likikosekana mojawapo, mashine inabaki yatima. Na hata mtandao ukiwepo, aliye mbali hawezi kunusa koili inayoungua.

Kuanzia shuleni

Habari njema ni kwamba ujuzi huu haufungwi ndani ya mashine ya mamilioni. Chuo Kikuu cha Kalemie na shule za ufundi za mji vinaweza kuuanza mezani. Koili moja ya waya wa shaba, gololi ya chuma, kihisi cha mwanga, betri na kompyuta ndogo ya aina inayotumiwa na wanafunzi duniani kote vinatosha kuifanya gololi ielee chini ya sumaku. Ni tatizo lilelile la beringi, likiwa na mwelekeo mmoja badala ya mingi.

Mwanafunzi ataandika kwanza kanuni ya zamani, na gololi itaelea. Kisha mwalimu abandike kipande cha plasticine juu yake ili uzito ubadilike. Mwanafunzi aone inavyozama au inavyoanguka. Baadaye aandike kanuni ya kuteleza, mistari michache tu ya programu, aone gololi ikisimama imara pamoja na uzito huo mpya, na asikie koili ikilia kwa mtetemo. Halafu apanue ukanda, kelele ipungue, na apime kosa lililobaki. Mwisho aongeze uzito hadi sumaku ishindwe, ili ajue kwa macho yake kwamba kila kanuni ina mpaka.

Kijana aliyefanya hayo kwa wiki sita hataogopa skrini ya kompresa. Muhimu zaidi, atajua swali la kumuuliza muuzaji. Tena faida haiishii kwenye sumaku. Hesabu ileile inaongoza kidhibiti cha kasi cha turbini ya Bendera, kigeuzi cha umeme wa jua kijijini na mota ya pampu. Somo hilo likifundishwa vizuri, jimbo linapata watu wa kuhudumia mitambo iliyopo leo hata kama kompresa ya sumaku haitafika kwa miaka kumi.

Viongozi wa jimbo hupenda kukata utepe mbele ya mashine mpya. Hakuna ubaya. Lakini kabla ya mkasi kutolewa, mtu mmoja katika ujumbe huo awe na haki ya kuuliza, na awe na elimu ya kuelewa jibu: umeme ukikatika sasa hivi, shafti itaangukia nini? Ardhi ikitikisika kama ilivyotikisika Desemba 2005, sumaku ina nguvu ya kutosha? Na programu iko wapi, mikononi mwa nani?

Ikiwa jibu la swali la mwisho ni jina la mji ulio ng'ambo ya bahari, utepe usikatwe bado.